Kutoka Jerusalem Kwenda Jericho

Ukiishi Eastlands unaweza kutoka Jerusalem hadi Jericho kwa miguu, umevaa ndara, na urudi kabla chai haijapoa. Jerusalem na Jericho ni mitaa miwili ya kaunti, majirani, zile nyumba za zamani ambazo baraza la mji lilijengea wafanyakazi. Katikati kuna vibanda vya sukuma, kinyozi, fundi wa viatu, makanisa na baa. Mimi ni wa Jericho. Kanisa letu liko Jerusalem. Kwa hivyo tangu nikiwa mdogo nimepita ile njia ya Biblia karibu kila Jumapili, asubuhi nikienda, mchana nikirudi.

Kama ulipitia shule ya Jumapili unajua kilichotokea kwenye njia hiyo. Mtu aliporwa, akapigwa, akaachwa kando ya barabara. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Aliyesimama ni Msamaria, mtu ambaye watu wa dini hawakutaka hata kula naye. Nimeifundisha hadithi hii miaka minne katika darasa la watoto, na kila mwaka kuna mtoto huinua mkono: "Ticha, alipigwa ngeta hapa Jericho yetu?" Tunacheka. Nilikuwa namwambia hapana, hiyo ni Jericho ya mbali.

Siku hizi simjibu haraka hivyo.

Oti na mimi tulikua tukigawana ukuta. Wao wakikaanga omena sisi tulijua, na sisi tukianza maombi ya jioni wao walipunguza redio. Camp Toyoyo tulicheza mpira tukiwa na jozi moja ya viatu kati yetu, yeye amevaa cha kulia, mimi cha kushoto. Yeye ndiye aliyenifunza gitaa, kwenye gitaa la baba yake lililobaki na nyuzi nne. Baba yake alikuwa Mkatoliki wa kweli, wa jumuiya na rozari, na Jumapili baada ya misa aliketi nje kwenye kiti cha plastiki akanywa Tusker mbili. Mbili tu. Hakuna padri aliyemuuliza. Mama yangu akimwona alivuta pazia.

Kwetu pombe haikuwa hata ya kujadiliwa. Keki ya harusi, mama aliuliza kwanza kama imetiwa brandi. Dawa ya kikohozi, alisoma karatasi yote. Kwenye meza ya Bwana tulikunywa juisi ya zabibu kwa vikombe vidogo, na nilikuwa nimeshaota ndevu nilipojua kwamba kuna Wakristo, tena wa ukuta wa pili, ambao padri wao humimina divai yenyewe.

Ni rahisi kumcheka mama. Nimefanya hivyo mara nyingi, nikiwa na marafiki wanaojiona wameerevuka. Lakini mama alizaliwa karibu na Kaimosi, ambako wamisionari wa Kanisa la Marafiki kutoka Marekani walifika mwaka 1902. Babu yake alikuwa mtu wa busaa: chungu katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kwenye chungu hicho ndipo mahari ilipangwa na ugomvi wa mpaka ukaamuliwa. Mwanawe alipobatizwa aliacha mrija. Kuacha mrija kulimaanisha kuacha lile duara zima. Hakuitwa tena kwenye vikao, naye hakutaka kuitwa; alihama akajenga karibu na misheni, kati ya wenzake walioacha kama yeye. Kwa watu wa kizazi kile, pombe na wasioamini vilienda pamoja. Hungeweza kuacha chungu halafu ubaki na waliokizunguka.

Halafu kuna mjomba Musa. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Mukuru na mitaa ya karibu baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walipofuka. Kinywaji cha aina hiyo watu walikiita kumikumi, kwa bei yake ya shilingi 10. Mjomba alikuwa kibarua wa viwandani. Mama alimtafuta siku mbili, akampata mochari. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni mama akirudi nyumbani, akienda moja kwa moja kwenye karai, akinawa mikono kwa muda mrefu sana bila kusema neno. Kwa hivyo akivuta pazia, ndiyo, anahukumu. Lakini pia ni mtu aliyewahi kuinuliwa shuka mochari ili aseme kama ni yeye.

Nilipookoka, nikiwa na miaka 17, nilirithi pazia hilo bila kurithi sababu zake.

Kiongozi wetu wa vijana alitufundisha yale maneno ya Paulo kuhusu nira na wasioamini. Alichora ng'ombe wawili ubaoni, mmoja anavuta huku, mwingine kule, na jembe limekwama. Kisha akatuambia tuandike majina ya marafiki watano wa karibu, halafu tukate wale ambao hawajaokoka. Jina la Oti lilikuwa la kwanza. Nililikata kwa mstari mmoja ulionyooka, nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyelipa deni.

Hatukugombana. Watu wa kanisa hatugombani, tunapunguza. Salamu ikawa ya mbali. Simu nikaijibu kesho yake. "Tutaonana" ikawa jibu la kila kitu. Oti alielewa. "Wewe sasa ni wa Yesu, mimi ni wa keg," aliniambia siku moja akicheka, na mimi nikacheka pia kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Wakati huo baba yake alikuwa ameshafariki. Oti alikuwa fundi wa mbao Gikomba, na alikuwa akinywa. Kile kipimo cha baba yake cha mbili tu, yeye hakukiweza.

Jumapili moja ya Julai, kitu saa moja kasoro, baridi ile ya Nairobi ya kutoa moshi mdomoni, nilikuwa nakimbilia mazoezi kabla ya ibada ya kwanza. Nyuma ya vibanda, kando ya mtaro, alikuwa amelala mtu kiubavu. Niliijua jaketi, ya kijani, ya Gor Mahia, imepasuka begani. Nilijua ni Oti. Nikasema moyoni, kumbe sasa ameanza kulala nje. Nikamwombea. Sidanganyi, nilimwombea kweli, "Bwana mguse, Bwana mfungue," na sikupunguza mwendo.

Siku hiyo tuliimba vizuri sana.

Jumanne mama yake alibisha mlango wetu. Oti alikuwa hospitalini tangu Jumapili. Alinieleza polepole, kama anayemtetea mtoto kortini: alikuwa amekunywa usiku, ndiyo, hakatai, lakini kilichomlaza pale ni bodaboda iliyomgonga alfajiri ikatoroka. Mguu ulikuwa umevunjika paja. Alilala kwenye baridi hiyo zaidi ya saa tatu.

Aliyemwokota ni Mama Mutua, mhudumu wa baa. Alikuwa anadeki, akatoka kumwaga maji machafu kwenye mtaro, akamwona. Yeye pia alidhani ni mlevi wake wa jana. Tofauti yetu ni kwamba alimgeuza. Akaona mguu. Akamwita jamaa wa mkokoteni, wakamfunga na mbao, wakamsukuma hadi hospitali. Pale walidai malipo ya kwanza. Mama Mutua alitoa pesa za mauzo ya usiku, ambazo hazikuwa zake, akaacha namba yake ya simu na kusema atarudi kumaliza. Mwenye baa alimkata mshahara mwezi huo na uliofuata.

Nilikuwa nimefundisha hadithi hiyo mara nne. Nilikuwa na michoro.

Nilimkuta Oti wodini, mguu umening'inizwa. Nikasema pole.

"Nilikuona," akasema.

"Wapi?"

"Jumapili. Ulikuwa na gitaa. Nikajaribu kukuita lakini sauti ikakataa."

Nilianza kujieleza. Nilikuwa nimefika "unajua nilidhani ume..." akanikata, bila hasira, kama mtu anayeuliza kitu anachotaka kujua.

"Hata kama ningekuwa nimelewa, si ungeniamsha tu? Ilikuwa baridi."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Yote niliyokuwa nikibishana na watu kuhusu pombe, ni dhambi au si dhambi, kidogo au kabisa, hayakugusa swali hilo.

Wiki hiyo nilifungua Biblia nikiwa natafuta kitu cha kujitetea. Nilichopata kilinishtaki zaidi. Huyo Paulo wa nira aliwaandikia Wakorintho haohao, katika sura ya tano ya waraka wa kwanza, akiwarekebisha. Walikuwa wamemwelewa vibaya. Alipowaambia wasichangamane na watu wa mienendo fulani, hakuwa na maana ya watu wa nje; kuwakwepa hao kungewalazimu kuhama dunia. Ukali wake ulikuwa kwa aliye ndani anayejiita ndugu huku akiishi vile, na mlevi yumo kwenye orodha. Sisi tumegeuza. Mzee wa kanisa anayekunywa mbali na mtaa, mahali asipojulikana, tunamfunika. Wote tunamjua na hakuna anayemtaja. Wa nje ndiye tunayemruka mtaroni.

Nikaona pia jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Yohana Mbatizaji hakugusa divai, wakasema ana pepo. Yesu alikula na kunywa, wakamwita mlevi, kwa sababu ya watu aliokaa nao mezani. Wote wawili walitumwa na Mungu mmoja. Mimi katika hilo niko upande wa Yohana. Sijawahi kuonja pombe, sina hamu, na kila nikipita karibu na harufu yake namkumbuka mama na lile karai. Sioni haya kwa hilo. Lakini Yohana hakuwaruka watu. Askari walimwendea, watoza ushuru walimwendea, akawajibu. Na yule Msamaria wa Jericho, divai aliyokuwa nayo aliimwaga kwenye kidonda.

Basi Oti alipotoka na magongo, nikaanza kwenda kukaa naye Jumamosi. Sheria ya mwaka 2010, ile watu huiita ya Mututho, inasema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Saa nane nilikuwa mlangoni, nikiwa na aibu ya mtu anayeingia benki bila akaunti. Niliagiza Stoney. Mama Mutua aliniletea pamoja na glasi, akaipangusa kwa aproni, akasema, "Karibu, Pasta." Jina likabaki.

Nilijaribu kumlipa pesa za hospitali. Alichukua nusu. "Hiyo nyingine ni yangu na Mungu," akasema. Nilikuwa nimedhani yeye ni mtu wa nje. Kumbe alikuwa mshirika wa kanisa miaka mingi, mpaka akina mama wa ushirika walipomwambia aache kazi ya baa kwanza ndipo avalishwe sare. Alikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba. Aliendelea na kazi. Kanisani akaacha kwenda, lakini asubuhi akideki huwa anaimba nyimbo zetu zote, beti zote, bila kitabu.

Katika baa hiyo nilijifunza mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kunifundisha madhabahuni. Keg inayojaza yale majagi ililetwa sokoni mwaka 2004, serikali ikaipunguzia ushuru ili mtu wa kipato kidogo aache vinywaji vya kuua. Mjomba Musa aliikosa kwa miaka minne. Mzee mmoja wa meza ya kona alipenda kutukumbusha kwamba pombe haikuja Eastlands kama mgeni. Katika miaka ya 1920 utawala wa mji ulijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji huko Pumwani, na faida ikaingia kwenye mfuko wa kuwahudumia Waafrika haohao. "Tulilewa tukajijengea mtaa," alikuwa akisema, halafu anainua kikombe. Sikukubaliana na kila kitu alichosema mzee yule, lakini nilianza kuona ugumu wa kusema "dunia" kama kwamba ni mahali kwingine, na sisi tumejengewa nyumba humohumo.

Ilichukua wiki tano nikaonekana. Mtu wa kwaya alipita. Nikaitwa kikao cha wazee.

"Ndugu, umeonekana."

"Ni kweli, mzee. Nilikuwa nakunywa soda."

"Hatujauliza ulikunywa nini. Tunauliza, aliye dhaifu katika imani akikuona pale, akakwazika, utamjibu nini Mungu?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikawapa Wakorintho sura ya tano, nikawapa watoza ushuru, nikawapa Msamaria. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniombea, wakanipumzisha gitaa miezi mitatu. Mama hakusema kitu. Aliweka chakula mezani akaenda kulala mapema.

Nitasema ukweli: nilifurahia adhabu hiyo. Nilijiona kama shahidi wa imani. Niliisimulia kazini, niliisimulia kwa marafiki walioacha kanisa, nao walinipigia makofi. Jumamosi nikaenda baa kifua mbele. Mwaka ukaisha, na mwingine ukafika nusu. Gitaa nilirudishiwa zamani. Oti alikuwa anatembea na fimbo moja. Gikomba walikuwa wamemwachisha kazi kwa sababu mikono ilitetemeka kwenye msumeno. Mimi nilikuwa na Stoney yangu.

Jumamosi moja akiwa kwenye jagi la nne, aliniwekea mkono begani.

"Unajua ni kwa nini napenda ukikaa hapa?" akaniuliza. "Ukikuja, najiambia siko vibaya. Manze, mtu wa Mungu ameketi na mimi mwaka mzima na hajasema kitu. Basi niko sawa tu."

Alikuwa ananisifu. Nilitembea nyumbani na hayo maneno kama mtu aliyebeba sufuria ya maji moto.

Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwa rafiki yangu, nikamwona akipungua mwili, nikaona vile vidole, na sikuwa nimemuuliza kitu. Niliogopa kufanana na wale wanaouliza. Niliogopa asiseme kwamba nimeanza mahubiri. Yule mzee kwenye kikao alikuwa ameniuliza kuhusu aliye dhaifu, nami nikamtafuta kanisani, nikaona hayupo, nikashinda ubishi. Alikuwa ameketi mbele yangu na jagi. Mara ya kwanza nilimpita nikitembea. Mara ya pili nilimpita nikiwa nimeketi.

Jumatatu nilienda kwao, mbali na baa, nikamkuta mlangoni akiota jua.

"Oti, unataka kuacha?"

Uso ukafunga. "Sasa umeanza."

"Nilichelewa kuanza. Unataka?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Wiki tatu hakuniongelesha. Niliisikia redio yake ukutani, na nadhani yeye alisikia maombi yetu, na kila mtu alibaki upande wake.

Kisha usiku mmoja, saa tisa, simu ikalia. Alikuwa amejaribu kuacha peke yake, siku ya pili, na alikuwa anatetemeka mwili mzima akiona wadudu kwenye kitanda. Nilimwamsha mama kwa sababu yeye ndiye mwenye pesa taslimu nyumbani. Hakuuliza ni za nini. Alinipa, akatoka na leso mabegani, akaingia kwa Oti mlango ambao sikuwa nimewahi kumwona akiingia tangu nizaliwe, na ndiye aliyemshika kichwa mpaka gari likaja. Niliomba, lakini nikiwa ndani ya teksi. Daktari aliniambia baadaye kwamba mtu aliyekunywa sana kwa miaka, akikata ghafla bila dawa, anaweza kupata kifafa akafa, na kwamba wengi tunaowaambia "acha tu, mwamini Yesu" tunawatuma kwenye hatari hiyo bila kujua. Ukiwa na mtu wa hivyo, mpeleke kwa wataalamu kwanza. Maombi hayakatazwi njiani.

Alikaa siku tisa. Alipotoka, Mama Mutua alinisubiri nje ya baa, amekunja mikono.

"Pasta, huyo usimlete hapa tena."

"Sawa, Mama Mutua."

"Na wewe pia usikuje. Ukiwa hapa atakufuata."

Nikamwambia nitakosa wapi pa kumwona. Akanijibu kwamba nyumbani kwake kuna chai, Jumatatu yeye huwa hayuko kazini, na kwamba kama nilikuwa nakuja kwa ajili ya Stoney, zinauzwa hata dukani.

Wiki ile mama alipika uji wa wimbi, akanituma niupeleke kwa Oti. Siku ya tatu aliupeleka mwenyewe. Nilipochungulia niliwakuta wameketi, naye anamweleza habari za Musa: alivyokuwa akiimba, alivyopenda viatu vya kung'aa, na shuka la mochari. Mimi nilikuwa sijawahi kuelezwa hata nusu yake. Oti alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anasikiliza. Pazia lilikuwa wazi lakini sidhani mama aligundua.

Sasa ni mwezi wa saba. Ameanguka mara mbili. Mara ya pili alinipigia mwenyewe kabla sijasikia kwa watu, na sijui kama hiyo ni nafuu, lakini niliipokea hivyo. Mama Mutua bado anadeki ile baa, na bado hajavalishwa sare. Nililipeleka jambo lake kwa wazee, wamesema watalitazama. Nimewakumbusha mara mbili. Nitawakumbusha tena.

Jumapili Oti hunisindikiza. Tunatoka Jericho mapema, yeye na fimbo, mimi na gitaa, tunapita vibanda, tunapita ule mtaro. Hatuuzungumzii. Akifika geti la kanisa anasimama. Anasema watu wa ndani wanamwogopesha kuliko wa baa, kwa sababu baa hakuna mtu alimwangalia viatu. Juzi ilikuwa siku ya meza ya Bwana, akaniuliza kitu ambacho naona alikuwa nacho siku nyingi.

"Nyinyi huwa mnatumia divai ya ukweli?"

"Hapana. Ni juisi."

"Basi hiyo hata mimi naweza."

Tukacheka. Hakuingia. Aligeuka akaanza kurudi Jericho, na mimi nikabaki getini nikimwangalia mpaka alipopita kona.

Njia ile ambayo peke yangu ni dakika chache, na yeye inachukua karibu nusu saa, kwa sababu ya mguu na kwa sababu anasalimia kila mtu. Mwezi huu nimechelewa mazoezi mara tatu. Kiongozi wa kwaya ameshaanza kunung'unika.